Isale Juu ya Jeneza la Filemon Mtui

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, majirani na ninyi nyote mliopanda mlima kuja kutufuta machozi, poleni na asanteni. Familia imenituma mimi, Aikaeli, dada wa marehemu, niwasomee habari za maisha ya ndugu yetu, nami naomba mzisikilize hadi mwisho, maana wapo waliotutaka tusizifikishe mwisho.

Filemon Aminieli Mtui alizaliwa tarehe 9 Machi 1979 hapa hapa Marangu, kitinda mimba wa mzee Aminieli na mama Monica, na kwa kuwa kitinda mimba ndiye anayeachiwa kihamba cha baba, nyumba na shamba lake, leo analazwa chini ya migomba yake mwenyewe. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari mjini Moshi hadi mwaka 1997, ambako walimu walimsifu kwa mwandiko na kumchapa viboko kwa kuchora sura zao.

Mwaka 2003 alifungua duka la uchapaji mtaa wa Soweto, Moshi, akachapa fulana za harusi, za kipaimara na za misiba, na wengi mliopo hapa mmevaa kazi ya mikono yake. Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na Eunike, wakajaliwa watoto wawili, Elifuraha na Daniel.

Mwaka 2022 aliuawa mwalimu Theopista wa Mkuu, Rombo, aliyewatetea wajane wasifukuzwe vihambani, na Filemon akachapa bango la sura yake kwa wino wake mwenyewe. Mwaka uliofuata akauawa Primus, aliyewasemea wakulima wa mpunga wa Chekereni katika mambo ya maji, Filemon akachapa la pili, na chini ya kila sura akaandika “aliuawa”. Marafiki walimsihi aandike “alifariki”, naye akawajibu kwamba aliyefariki ni bibi yake, aliyefia usingizini akiwa ameshiba uji.

Januari mwaka 2025 lilionekana bango la tatu kwenye ukuta wa duka, ambalo hakulichapa yeye, lenye sura yake, mwaka wake wa kuzaliwa, na mbele yake nafasi tupu. Eunike alilia, akamwomba wahamie Arusha, lakini Filemon alilikagua kwa kidole, akasema wino huo ni hafifu, utapauka kabla ya masika. Usiku ule, Eunike anatuambia, hakulala.

Hapa kwa desturi tungesoma habari za ugonjwa, ila ndugu yetu hakuugua. Tarehe 6 Mei aliitwa Chekereni kupima ukuta wa kuchora tangazo, hakurudi, na tarehe 8 wakulima walimkuta kwenye mfereji wa mashamba, mikono yake imefungwa nyuma.

Juzi jioni alifika hapa mzee mmoja tunayemheshimu, ameshika jani la isale lililopigwa fundo, akasema ametumwa na watu wasiopenda maneno, tusome kwamba marehemu aliteleza, yaishe. Mnajua kwetu isale la kuomba radhi halikataliwi, na baadhi yetu, kwa hofu, tulikwisha kuitikia. Eunike alipiga goti, akalipokea kwa mikono miwili, akasema, “Shikamoo meku, nimepokea, ila isale huletwa na aliyekosa, sasa hao waliokutuma wametukosea nini?” Mzee aliondoka, chai yake ikabaki mezani.

Tunaogopa, hatuwezi kuwaficha, tuna watoto, lakini hapa mlimani hakuna anayeomba radhi kwa jambo ambalo hakulitenda, kwa hiyo ile nafasi tupu tumeijaza wenyewe: Filemon Mtui, alizaliwa 1979, aliuawa 2025.

Tunamshukuru daktari aliyeandika alichokiona, majirani mliokesha nasi, na mafundi wa Soweto mliochapa bango hili lililo mbele yenu kwa wino usiopauka. Tunawashukuru pia ndugu wawili mliosimama pale mgombani tangu asubuhi bila kumpa mtu pole. Chakula kipo, karibuni.

Isale lenyewe hili hapa juu ya jeneza, na kaburi liko wazi. Aliyelituma aje alishike kwa mkono wake, mchana huu, mbele ya watu, aseme anaomba radhi kwa jambo gani.

Nawe Filemon, pumzika kwa amani. Sisi tutakaa macho.