Fundi Anayekwenda Kupumzika

"Sikukuu unaenda kula au kuosha vyombo?" jirani aliwahi kumuuliza mama mmoja mjane, naye akacheka tu. Swali hilo lilimrudia ndani ya basi, akiwasikiliza wasafiri wawili wa kiti cha mbele.

"Kila sikukuu nawashonea ukoo mzima," alisema fundi cherehani. "Huyu zipu, yule kifungo. Mwaka huu cherehani nimeiacha nyumbani. Naenda kukaa kama mgeni, miguu juu."

"Hutaweza, mama," kinyozi aliyeketi naye akamchokoza. "Vidole vitakuwasha."

"Thubutu! Atakayeniletea hata uzi, napanda basi la kurudi."

Mjane alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya ndugu zake wasumbufu. Wapo wasio nao.

Basi likasimama. Mdogo wake fundi alikuwa chini ya dirisha, meno yote nje. "Dada, karibu! Safari hii wewe pumzika tu, nguo zote tumeshampa fundi wa mtaani!"

Kinyozi akageuka. "Si ndivyo ulivyotaka, mama?"

Fundi alikamata mkoba wake akashuka, macho yameganda kwenye gauni jipya la mdogo wake, ambalo pindo lake lilikwenda upande.