Alama Kumi na Nane za Mzee Futikamba

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Baba yake alikuwa na rula moja ya mbao ya futi moja, iliyovunjika inchi ya kwanza. Kila aliyeitumia alipaswa kuikumbuka inchi hiyo kila alipoihamisha rula. Akiwa na miaka tisa marehemu aliisahau, na mlango wa jirani ukatoka mfupi kwa inchi sita. Baba hakumchapa. Aliufunga mlango ule kwenye choo cha nyumbani, na kwa miaka kumi na moja familia ikawa inaona miguu ya kila aliyeingia humo. "Kosa langu nililiona kila asubuhi," alikuwa akisema, "hata kabla sijanawa uso."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961, akamaliza sekondari mwaka 1973, na mwaka uliofuata akajiunga na chuo cha upimaji wa ardhi, alikopata stashahada mwaka 1977. Chuoni alifundishwa kupima kwa miguu: kutembea kwa hatua zisizobadilika, thelathini na nane katika kila mita thelathini. Wenzake waliacha baada ya mtihani. Yeye aliendelea kuhesabu kimyakimya maisha yake yote, sokoni, kazini, hata mazikoni.

Tarehe 1 Julai 1977 aliajiriwa katika idara ya upimaji, akastaafu mwaka 2014 akiwa mpima mwandamizi. Kwa miaka thelathini na saba alikaa kwenye meza ileile ya karibu na dirisha, iliyosimama sawa kwa sababu ya ramani kuukuu iliyokunjwa chini ya mguu mmoja. Jina la Futikamba alipewa na vijana wa kubeba vyombo vya upimaji, na halikuwa jina la mapenzi. Majirani waliogombania mpaka walinyamaza alipofika, maana wote wawili walijua hapindiki. Mwaka 1991 chama cha gofu kilinunua mashamba ya pembeni mwa mji kikitaka uwanja mrefu kupita wote. Yeye ndiye aliyeupima: mashimo kumi na nane, mita 6,940. Kwenye kila sehemu ya kuanzia ya nyuma kabisa alizika jiwe la zege lenye kichwa cha shaba, ili mita hizo zisipotee.

Tarehe 17 Desemba 1983 alimwoa fundi cherehani aliyekuwa na duka dogo ng'ambo ya ofisi yao. Alikuwa amekwenda kushonewa suruali, na akasisitiza apimwe kwa futikamba yake mwenyewe. Fundi aliitandaza mezani kando ya rula ya chuma, akamtazama. "Kaka, hii yako imevutika. Imeongezeka nusu inchi." Marehemu alirudi dukani kesho yake, na keshokutwa, bila nguo ya kushona. Walijaliwa watoto watatu.

Gofu alianza mwaka 1994, na ni lazima isemwe wazi kwamba hakuwa mchezaji mzuri. Mpira wake ulikwenda sawa, lakini haukwenda mbali. Kila shimo la uwanja ule lina vigingi vya kuanzia vya rangi tatu: vyekundu mbele, vyeupe katikati, na vyeusi nyuma kabisa, kwenye yale mawe yake, vilivyowekwa kwa ajili ya vijana wenye mabega na wanaolipwa kucheza. Yeye alianzia kwenye vyeusi kila Jumamosi. Uwanja ni ule uliopimwa, alisema. Anayeanzia mbele amecheza uwanja mwingine. Alicheza na kaka wa mkewe, mfamasia, ambaye naye hakuwa na bega la maana.

"Shemeji, kule mbele kuna kivuli, kuna benchi, kuna watu wa kuongea nao," mfamasia alimwambia siku moja. "Sisi huku nyuma tunaongea na mijusi."

"Nenda."

"Nikienda utacheza na nani?"

"Na mijusi."

Mfamasia hakwenda. Lengo la marehemu lilikuwa moja: kumaliza mashimo yote kumi na nane kwa mapigo yasiyofika mia, akianzia kwenye vigingi vyeusi. Alilifukuzia kwa miaka ishirini na minane. Mara aliyolikaribia zaidi ilikuwa tarehe 12 Juni 2004, alipopata 103.

Tarehe 17 Agosti 2021 madaktari walimwambia moyo wake umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Walimruhusu kutembea, lakini si mwendo ule. Achezee vigingi vyekundu au aache kabisa. Aliitikia kwa heshima, akavaa viatu, na Jumamosi akarudi nyuma kwenye vyeusi. Mkewe alimsihi, akanuna, akawaita watoto wamsihi. Ilikuwa kupigia kelele ukuta.

Yanayofuata mjane ameomba yasomwe mbele ya watu, kwa sababu aliyeyafanya ni yeye.

Mumewe alikuwa anakonda. Ili asijione, mkewe alikuwa amekwisha kumpunguzia suruali tatu kiunoni, kidogokidogo, na mwenyewe hakugundua. Februari 2022 mkewe alimfuata mtunza uwanja kwenye banda la mashine za kukatia majani.

"Mimi nimempunguzia suruali," alimwambia. "Na wewe nipunguzie uwanja."

"Mama, yule ataona. Yule anaona hata mchwa akihama."

"Akiona nitasema ni mimi."

Mtunza uwanja alifunika mawe ya zege kwa majani ya kupandikiza, kisha kila wiki akasogeza vigingi vyeusi mbele hatua moja au mbili. Kwa miezi tisa hakuna aliyejua ila wao wawili na mfamasia, ambaye aliona na kumeza ulimi.

Marehemu aliendelea kuhesabu hatua zake. Kutoka kigingi cha shimo la kumi na nne hadi darajani zilikuwa mia mbili na sitini tangu alipoizika ile shaba, na bado zilikuwa mia mbili na sitini, akikosea moja au mbili. Kwake hiyo ilikuwa habari njema kuliko dawa zote. Anayeumwa hatua zake hufupika, na hesabu huongezeka. Yake haikuongezeka. "Mama watoto, mimi napona," alisema akivua viatu mlangoni. "Hatua hazidanganyi." Mkewe alikwenda jikoni akafungua bomba la maji, asisikike.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba 2022 alimaliza kwa mapigo 98. Aliiweka kadi katikati ya meza ya chakula, akakataa iondolewe hata wakati wa kula. Wanawe wanasema hawakuwahi kumwona akicheka kiasi kile, na kwamba mama yao hakugusa sahani yake.

Tarehe 15 Novemba, kliniki, nesi alimtaka atembee kwenye korido ili wapime nguvu ya moyo. "Ni mita thelathini kamili, baba," alisema. "Nenda taratibu, ukifika mwisho rudi." Marehemu alikwenda. Mwisho wa korido alisimama. Nesi alidhani pumzi imekata, akamletea kiti. Hakukaa. Alikuwa amehesabu hatua arobaini na nane, mahali zilipopaswa kuwa thelathini na nane. Hatua zake zilikuwa zimefupika kama za mgonjwa yeyote, na kilichofupika pamoja nazo, basi, ni uwanja.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani.

"Nani kasogeza vigingi?"

"Ni mimi."

"Na suruali?"

"Na suruali."

Alikaa kitandani. Kisha akasema neno ambalo mjane hawezi kulitua: "Ulinipa afya isiyokuwa yangu."

Hakupiga kelele, na hakumlaumu mtunza uwanja. Kwa siku tatu alikwenda naye uwanjani na kipande cha nondo, wakatafuta mawe yote kumi na nane chini ya majani, wakapima vigingi vilivyosogea, wakavirudisha. Mtunza uwanja alilia kwenye shimo la sita. Marehemu alimwambia ashike vizuri mwisho wa kamba. Jioni ya siku ya tatu alichukua ile kadi ya 98, akaandika nyuma yake kwa wino: mita 6,212. Hakuichana. Kipimo kikikosewa hukichani, unakirekebisha.

Jumamosi tarehe 26 Novemba alisema anakwenda kucheza. Mkewe hakumzuia. Aliyekwisha kumdanganya mara moja, anasema, hakuwa na mdomo wa kumkataza. Alivaa viatu vya raba vya binti yao akaenda naye, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, akibeba chupa ya maji na kiti cha kukunja. Walikwenda polepole, mfamasia akiwa mbele akijifanya anatafuta mipira yake. Kwenye shimo la kumi na nne marehemu alipiga mpigo wa pili, akaanza kutembea, na kabla ya daraja akapiga magoti. Alikuwa amehesabu mia mbili na themanini na tatu, na daraja lilikuwa bado.

Alipelekwa hospitali, akaishi siku mbili. Mfamasia alimwinamia kitandani, akamwambia kwamba ile 98 ilikuwa halali, mipira aliipiga mwenyewe, mikono ilikuwa yake. "Tutaiandika, shemeji." Marehemu alitikisa kichwa. "Andikeni mia na tatu," alisema. Kisha akamgeukia mkewe, akaushika ukosi wa gauni lake, akaupapasa pindo kwa kidole gumba, jinsi mtu anavyokagua mshono. Hakusema kama amesamehe. Alifariki Jumatatu tarehe 28 Novemba 2022, saa nane na dakika ishirini mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Mjane aliwauliza madaktari kama miezi ile ya vigingi vilivyosogezwa ilimwongezea mumewe siku au ilimpunguzia. Walisema hakuna anayeweza kujua. Hadi juzi alitaka 98 iandikwe katika wasifu huu. Jana asubuhi alibadili nia. Basi na iandikwe: alama bora ya marehemu kutoka vigingi vyeusi ni 103.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada wawili na kaka mmoja, shemeji aliyecheza naye kwa miaka ishirini na minane, na mawe kumi na nane yaliyo wazi tena.

Kaburi hili limepimwa na mtunza uwanja, kwa futikamba ya chuma, mara mbili. Apumzike hapa alipolazwa. Hakuna atakayemsogeza.