Mzee Tahiri na Mistari Iliyokuwa Ikielekea Kongo

Ushirika wetu wa mawese, Rumonge, una heshima kubwa na majonzi ya kadiri kuwatangazia wanachama wote kwamba kile kitufe kirefu cha kibodi ya ofisi, cha kuachia nafasi, kitapumzika kuanzia Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Siku hiyohiyo anastaafu Mzee Tahiri, aliyekuwa akikibonyeza. Ametutumikia miaka ishirini na miwili.

Alianza kwa kuosha mapipa. Kompyuta ilipofika, yeye peke yake hakuiogopa, basi akawa fundi wake. Alijifundisha kuandika programu, na ile aliyoiandika ndiyo inayoendesha mizani yetu hadi leo: mkulima anaweka dumu, kilo zinatokea, risiti inatoka.

Shida ilianzia kwa Mkurugenzi wetu, Bwana Abdoulkarim, mpenda karatasi safi. Kila mwisho wa mwezi hutaka programu ichapishwe aikague, na hapigi muhuri mpaka mistari yote ianzie ukingoni, kama barua ya kwenda komini, kwenye ofisi ya serikali. Kumbe mashine husoma zile nafasi za mwanzo wa mstari kama amri. Ukizifuta, mizani inanyamaza. Mzee Tahiri alizifuta, akachapisha, akapigiwa muhuri, kisha akabandika upya mistari ya awali. Hapo kihariri, yaani programu anayoandikia, kwa ukarimu wake kiliongeza nafasi zake juu ya zilizopo. Mstari wa pili ukaingia ndani, wa tatu ukazidi, wa mwisho ukawa unaelekea Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Ikabidi airudishe mmoja mmoja kwa mkono, huku foleni ya madumu ikifika barabarani. Mkulima mmoja kwenye foleni, Hadjara wa Minago, hakumwonea huruma: “Mzee, leo tunapima mafuta ama tunapima mistari?” Mzee alimwambia atulie, mistari nayo iko na uzito.

Hofu yake ilikuwa moja: yeye aondoke, mizani ife, lawama zimwangukie Anita, anayempokea kazi. Akaapa haondoki bila kupata dawa. Mwezi uliopita akaipata. Kwenye mipangilio ya kihariri kulikuwa na kisanduku kilichowekwa alama, cha kukiruhusu kisogeze mistari chenyewe. Akaiondoa alama. Akabandika, mistari ikatulia. Anita alipiga vigelegele. Mkurugenzi aliuliza kama ukingo uko sawa.

Murakoze, asante sana, Mzee wetu. Urudi nyumbani Kigwena kwa amani, mgongo unyooke, na pale utakapokaa asikusogeze mtu.

Kwa kutambua utumishi huo, Mkurugenzi ameamua mstaafu apewe zawadi: ile kompyuta aliyoizoea. Imeshafungwa utepe, na gari la kuipeleka Kigwena liko tayari. Programu ya mizani imo humo. Nakala nyingine hakuna.