Mguu Hauulizwi

Kabla ya kiharusi, mzee aliyeketi dirishani alikuwa dereva wa mabasi kama hili. Sasa alikuwa abiria mwenye ulimi mzito, na watu walimsemea kama mtoto ambaye hajaota meno.

"Umeme, dada? Kichwani?" aliuliza fundi wa kuchomelea vyuma kutoka kiti cha nyuma. Hakualikwa, lakini maneno hayalipi nauli.

"Mdogo tu," mke wa mzee akajibu. "Huko hospitali watamvisha kitu kama kofia, huku wanamfanyisha mazoezi. Eti ubongo unazinduka, mguu unajifunza upya."

"Mimi nashinda na umeme, dada yangu. Hauzoeleki. Wakiwasha mguu, watazima nini? Na akitoka hapo hakujui wewe, je?"

"Basi nimrudishe nyumbani?"

"Sijasema hivyo. Naongea tu."

Mzee hakuogopa kofia. Aliogopa avishwe, azoezwe, halafu mguu ubaki gogo vilevile. Hapo hata la kujidanganyia lingekuwa limekwisha.

Ghafla mbuzi akakatiza barabara. Dereva akafunga breki, abiria wakarushwa mbele. Na chini ya kiti, mguu wa kulia, lile gogo, ukakanyaga sakafu kutafuta breki.

Aliuona. Au aliota? "Rudia," akauambia kimoyomoyo. Mguu ukanyamaza. Akafungua mdomo, neno likakwama.

"Hospitali!" kondakta akaita, na basi likasimama.

Mke akamgeukia fundi. "Tushuke, au tusishuke?"