Risala ya Watumishi wa Korido ya Pili kwa Waziri wa Tatu Mwaka Huu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Harinandan Mahto, Waziri mpya wa Umwagiliaji wa jimbo letu; Bwana Katibu wa Wizara; sisi wahudumu, madereva na wafagizi wa korido hii tunakusalimu kwa viganja vilivyokutana.

KARIBU
Shada la maua ulilovaa ni la leo asubuhi. Laddu, vitamu vyetu vya mviringo, pia ni za leo. Maneno ndiyo ya zamani kidogo: tuliyasoma Machi, tukayasoma Juni, leo tumebadilisha jina tu. Usione vibaya, Mheshimiwa.

HISTORIA
Serikali ya Machi ilikaa siku arobaini na moja. Ya Juni ilikaa kumi na mbili, na mbili kati ya hizo zilikuwa sikukuu. Picha ya waziri wa Juni ilirudi kutoka kwa fundi wa fremu, waziri mwenyewe akiwa ameshaondoka.

MAFANIKIO
Kila waziri huja na mnajimu wake, nasi hatujawahi kubisha. Meza tumeigeuzia mashariki, tukaigeuzia kaskazini, juzi tumeirudisha mashariki. Mlango ulioingilia ulikuwa dirisha mwezi wa pili. Jagarnath, mchora vibao wetu, zamani alichora jina la waziri siku mbili nzima, kwa rangi ya mafuta. Lako ameliandika kwa chaki. Anasema rangi ataitia Jumatatu, Bunge likishapiga kura ya imani.

CHANGAMOTO
Ni moja, na inaitwa Mama Phulmati Devi. Amefagia korido hii miaka ishirini na mitatu kama kibarua. Jumanne anatimiza sitini. Asipoajiriwa rasmi kabla ya hapo, anatoka bila pensheni, na chumba kile nyuma ya gereji, anakoishi na mumewe asiyeona, anakirudisha.

Faili lake limekamilika tangu Februari. Limebakiza sahihi ya waziri. Wa Machi aliambiwa na mnajimu asubiri mwezi uandame vizuri. Wa Juni alimjibu mwenyewe, kwa upole kabisa: "Mama, kalamu ya waziri haianzi kazi Jumanne."

Mama akamwambia, "Mwanangu, ufagio wangu Jumanne haujawahi kupumzika."

Waziri alicheka sana. Ijumaa yake hakuwa waziri.

Sasa tumesikia kwamba wewe siku yako njema ya kuanza kutia sahihi ni Alhamisi ijayo. Leo ni Ijumaa. Mheshimiwa, hesabu hiyo hata sisi tusio wanajimu tumeiweza.

OMBI
Tulikuwa na maombi saba, pamoja na feni na vikombe vya chai. Jana Sudama, dereva wako, akasema, "Jamani, huyu mzee tumwombe moja tu, saba hatayamaliza." Tukacheka. Halafu tukafuta sita.

Faili liko mbele yako, chini ya sahani ya laddu. Kalamu tumeijaza wino. Taulo jeupe uliloegemea hapo kitini amelifua Mama Phulmati, la tatu mwaka huu. Yuko pale mlangoni, hajui kama tungemtaja.

Mungu akulinde, Mheshimiwa, akupe miaka mitano katika kiti hicho. Kwa leo sisi tunaomba dakika moja.

Ni sisi,
Watumishi wa Korido ya Pili.
Imesomwa na Lakhan Oraon, mhudumu wa chai.