Ile Virusi Niliyoizusha Mimi

Wapendwa, mama anayetuongoza kwenye ibada hii amenipa dakika kumi za ushuhuda. Kumpa mwalimu dakika kumi ni ujasiri, lakini nitajitahidi. Jina la mtu sitataja. Hata langu ningelificha kama msingekuwa mnanijua.

Kazi yangu mnaijua: nafundisha utalii katika chuo kimoja cha Mutanga Sud, hapa Bujumbura. Ndugu zangu, kufundisha utalii wakati wa vita! Barabara za mikoani zilikuwa za misafara ya wanajeshi, na watalii walibaki kwenye vitabu vyangu tu. Mama mkwe wangu aliniuliza kila Noeli, "Hao watalii yako wamefika?" Namjibu, "Bado, mama." Anasema, "Basi tuwaombee."

Sasa, mwaka mmoja wafadhili wakatuletea kompyuta, pamoja na mashine ya kurushia picha ukutani. Ndani walitia picha za nchi nzima: maporomoko ya Karera, viboko wa Rusizi, ngoma za Gishora. Kwa kuwa hatukuweza kusafiri, wanafunzi kumi na mmoja wa mwaka wa mwisho wangefanya mtihani kwa picha hizo, kila mmoja akiongoza wageni ukutani. Direkta, mkuu wetu wa chuo, akauliza, "Nani anajua hii mashine?"

Nikanyoosha mkono.

Sikuwa nimewahi hata kuigusa. Ila mwenzangu wa jiografia alikuwa ameanza kunyoosha wake, na mimi yule bwana sikumpenda.

Mwezi mzima nikafundisha kompyuta ikiwa imezimwa. Niliwaambia umeme wa mji utaiunguza. Wanafunzi wakachora vitufe kwenye vipande vya katoni, wakawa wanabonyeza. Nami nawakaripia: "Wewe, polepole, utaharibu!" Utaharibu katoni, ndugu zangu.

Zilipobaki wiki chache kufika mtihani, nikajifungia peke yangu nikaiwasha. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Mashine ikaniuliza swali kwa Kiingereza. Mimi nimesoma kwa Kifaransa, Kiingereza nakijua cha salamu. Lakini nimelelewa kwa adabu: ukiulizwa kwa heshima, unajibu ndiyo. Nikajibu ndiyo. Ikauliza tena, nikajibu ndiyo tena. Kumbe ilikuwa inaniuliza kama nataka kufuta kila kitu.

Karera ikaenda. Viboko wakaenda. Nakala nyingine hatukuwa nayo, na wafadhili walikuwa wamesharudi kwao.

Direkta akaja mbio. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nikasema, "Bwana direkta, ni virusi."

Enyi watu! Siku zile neno hilo hapa mjini lilikuwa la hospitali tu. Kufika mchana chuo kizima kinanawa mikono. Mzazi mmoja akanisubiri langoni: "Mwalimu, mutoto wangu anakohoa tangu juzi. Ni ile ya ordinateri, ile kompyuta yenu?"

Mnacheka. Mimi nami nilicheka, mpaka nilipomsikia direkta akiuliza nani ameileta hiyo virusi. Ikajulikana kwamba planto wetu, mzee wa kufagia na kupeleka barua, alikuwa ameifuta mashine vumbi kwa kitambaa chenye maji. Akaambiwa Ijumaa ndiyo mwisho wake wa kazi. Mzee huyo alikimbia vita kwao Rutana, anaishi na mkewe na wajukuu chumba kimoja mtaa wa Buyenzi.

Akanifuata darasani, kofia mkononi. "Mwalimu, we umesoma. Niambie kweli. Ile ugonjwa, ni mi nililetea mashine?"

Nikamwambia, "Labda."

Ndugu zangu, nawaambia, yale ya katoni ni ya kuchekesha. Hiyo "labda" ndiyo iliyonisimamisha mbele yenu leo.

Ijumaa asubuhi nikaingia kwa direkta, sekretari wake akiwa anapiga chapa. Nikasema yote, nimesimama. Direkta akauliza:

"Na katoni?"

"Na katoni, bwana direkta."

Sekretari akaangusha kichwa juu ya mashine yake, mabega yakitikisika kwa kicheko. Direkta hakucheka. "Planto anabaki. Utamwambia wewe. Mtihani uko palepale. Ukishindikana, sehemu ya utalii nafunga."

Planto akanisikiliza hadi mwisho. "Basi yule mutoto anakohoa nini?"

"Sijui, mzee. Mafua."

"Ile labda yako imeninyima usingizi, Mwalimu. Kesho utafagia we."

Nikafagia. Wanafunzi wananipita, wananisalimu kwa heshima ile inayouma. Mchana, badala ya kwenda kula, sekretari akanifundisha kompyuta kuanzia kitufe cha kuwashia. "Apana, Mwalimu! Usijibu ndiyo! Soma kwanza!" Neno hilo nalisikia hata ndotoni.

Siku moja planto, akinisimamia nikifagia, akauliza ni picha gani zilizopotea. Nikamtajia Karera. Akashangaa. "Karera ya kwetu Rutana? Mi nimezaliwa pale!" Akaanza kunielekeza njia, jiwe kwa jiwe, mimi nimeinama na ufagio, na hapo ndipo nilipopata akili. Barabara zimefungwa, lakini wenyeji wa huko wamekimbilia wote Bujumbura! Tukatafuta kipaza sauti. Wanafunzi wakaleta mama mmoja aliyekimbia kutoka Rutovu, wakaleta mpiga ngoma wa Gishora, tukaingiza sauti zao ndani ya kompyuta. Mwanafunzi mmoja akachora, sekretari akapanga.

Siku ya mtihani, mchoro uko ukutani, mwanafunzi anaongoza, na sauti ya planto inatoka: "Shuka polepole. Hapa majani inateleza. Mbuzi yangu iliangukaga hapa." Bwana mmoja wa jopo la watahini, mtu mzito wa Kiriri, mtaa wa wakubwa, akavuta miguu yake chini ya kiti ili asiteleze. Kumi na mmoja wote wakapita.

Namshukuru Mungu. Namshukuru direkta aliyenipa adhabu badala ya kunifukuza, na mke wangu aliyenivumilia. Namshukuru sekretari: leo yeye ndiye mwalimu wa kompyuta pale chuoni, na anasema hajapata mwanafunzi mzito kunishinda. Planto namshukuru kuliko wote, kwa sababu alinisamehe kabla sijajua kufagia vizuri.

Kama leo kuna mtu hapa amenyoosha mkono kwa kitu asichokijua, asisubiri Ijumaa. Aushushe leo. Watu watamcheka, ni kweli. Mimi wananicheka mpaka sasa, mmesikia wenyewe, na usingizi ninao.