Mwalimu Immaculate Nasambu na Darasa la Lugha Mbili

Familia ya Nalianya wa Chwele na ya Wanjala wa Kitengela zinawashukuru nyote mliofika kutuliza mioyo yetu. Haya ni machache kuhusu mama yetu, yaliyoandikwa na bintiye, Cindy.

Immaculate Nasambu Wanjala alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Chwele, Bungoma, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Petro Nalianya na Mama Rosa. Alisoma hukohuko nyumbani hadi kidato cha nne, kisha akaenda Nairobi kusomea uuguzi mwaka 1976.

Alianza kazi katika hospitali ya Kajiado mwaka 1980. Huko alimuuguza mwalimu wa hesabu aliyeletwa na mguu uliovunjika, Bwana Joseph Wanjala. Mguu ulipopona, mwalimu aliendelea kuja. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983. Mwaka 1992 Mama aliajiriwa kuwa mhadhiri wa uuguzi katika chuo kikuu kimoja Nairobi, na mwaka 1996 wakajenga Kitengela, wakati ambapo majirani walikuwa wa kuhesabika na pundamilia walipita nyuma ya nyumba.

Mwaka 2003 alikwenda Namanga kuwaona wanafunzi wake wa zamani. Mmoja wao, Mbithe, alikuwa mkunga pekee katika zahanati yake. Mama alimuuliza kwa nini hajarudi kusomea shahada.

"Mwalimu, nikienda Nairobi, hawa akina mama niwaachie nani?"

Mama alirudi nyumbani, na kesho yake akaanza kupanga kozi ya ukunga ya kusomwa kwenye mtandao, kwa Kiswahili na Kiingereza, ikitolewa kwa pamoja na vyuo vikuu vitatu vya Kenya, Tanzania na Uganda.

Siku hizo mtandao ulipitia laini ya simu ya nyumbani, na Mama akishaingia, hakuna aliyeweza kutupigia. Babu alimtuma mtu kutoka Chwele aje aulize, "Nasambu anaongea na nani mchana kutwa?" Mama akacheka, kwani alikuwa akiandikiana na wenzake wa chuo cha Tanzania. "Mwambieni Baba naongea na Morogoro."

Oktoba 2006 mpango huo nusura uvunjike. Wawakilishi wa vyuo vyote walikutana mjini Kajiado, na Dkt. Maundu, aliyekuwa akifundisha naye, akapendekeza Kiswahili kiondolewe, kwani kuandaa kila somo kwa lugha mbili kulikuwa kunawachelewesha.

"Hawa wauguzi wote wanajua Kiingereza," alisema.

"Wanajua cha mtihani," Mama akamjibu. "Mama anavuja damu, ameshikwa na hofu. Utamtuliza kwa Kiingereza?"

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Mama alisema kwamba Kiswahili kikitoka, naye anatoka. Wageni wa Tanzania wakamuunga mkono. Dkt. Maundu akauliza, "Sawa. Na hiyo sehemu ya Kiswahili ataandika nani?"

"Mimi na wewe."

Wakaiandika. Jumamosi nyingi Dkt. Maundu alikula kwetu, na hadi leo tunamwita Mjomba.

Februari 2008 Mama aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Kati ya matibabu alikuwa akirekodi masomo ya Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe, chumbani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo. Siku nyingine pumzi ilimwishia mapema. Tulimsihi apumzike. "Acheni nimalize hili la kutokwa na damu," alisema, na akalimaliza.

Alitamani sana kumsikia mkunga wa Namanga na mkunga wa Morogoro wakiulizana maswali katika darasa moja. Jioni alikaa kibarazani, shali mabegani, akitazama tambarare. "Nitawasikia tu," alikuwa akisema. Mwezi Juni mwaka huu aliacha kusema hivyo.

Alitutoka nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Julai 2009, Baba akiwa amemshika mkono. Leo tunamlaza hapa Kitengela, kama alivyoomba.

Amewaacha mumewe, Bwana Joseph Wanjala, mama yake, Mama Rosa, watoto wake Cindy na Wasike, mkwewe Mbugua, mjukuu wake Gathoni, dada, kaka, na wakunga wengi aliowafunza.

Darasa litafunguliwa Septemba. Mbithe ameshajiandikisha. Wanafunzi watamsikia Mama hadi somo la saba, kisha sauti itabadilika, na Dkt. Maundu ataendelea. Sisi nyumbani tunazo rekodi hizo zote. Bado hatujaweza kuzifungua.

Mungu akupe pumziko jema, Nasambu wetu.